Randa ya Bruda Aloisi

Jumapili, 14 Septemba 2025

Mate yangu yamejibu.

Mwezi wa saba nilitimiza miaka sabini na tano. Wenzangu wanapewa kanga, wanapewa sufuria. Mimi mjukuu wangu Marion alinipa kichupa nitemee mate. Nikatema. Alisema kinapima asili ya mtu, nikadhani ni mambo ya sukari. Kikaenda posta. Leo tumetoka misa, wali bado uko jikoni, Marion huyo anashuka ngazi na simu mkononi.

Asilimia kumi na tatu, Bibi. Ufaransa na Ujerumani, pale mpakani. Kwa Kiingereza chake, mbio mbio, kama anasoma tangazo la steshenini.

Nikamuuliza themanini na saba zilizobaki ni za wapi. Akasema ni Afrika tu. Tu. Themanini na saba nzima zimeishia kwenye hiyo tu.

Yeye mwenyewe ana tatu. Tatu, na ndiye anayeruka. Mama yake, binti yangu Margaret, alikuwa ametoka zamu hospitali, hata viatu hajavua. Akauliza kama hiyo inatosha kupata pasipoti ya kule. Nikamwambia kwa sita zake, nusu ya zangu, atapewa pasipoti ya kidole gumba.

Wote wawili wananitazama, wananingoja nishangae. Nishangae nini? Kijijini kwetu, milimani Uluguru, hata mbuzi walijua. Bibi mzaa mama alikuwa na macho ya rangi ya majani makavu. Baba yake alikuwa Bruda Aloisi, seremala wa misheni. Sikuwaficha. Hawakuuliza. Miaka yote nikianza habari za kwetu wanainamia simu. Leo simu imewaambia, wanainua vichwa.

Wali umeungua chini. Tumekula hivyo hivyo.

Jumanne, 16 Septemba

Mama Alkesh kaja na dhokla, ile keki yao ya dengu. Jina lake Sushila, lakini kazaliwa Kilosa, dukani kwa baba yake, na mwanamke wa Kilosa akishazaa haitwi jina lake. Mwaka wa kumi na tisa huu tunaishi mtaa mmoja hapa Ilford. Matusi ya Kiswahili anayajua kunizidi.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe Alkesh naye alitema mate mwaka jana. Alitarajia Mwajemi, Mreno, chochote cha kutambia kazini. Jibu likaja: Gujarati mia kwa mia, na wilaya imetajwa. Kanuna wiki nzima.

Halafu akaonyesha chini kwa kidole cha mguu. Ndiye huyu? Mzungu wa ubao?

Ndiye. Randa ya Bruda ndiyo inayozuia mlango wangu wa jikoni. Mlango wenyewe unajifunga, eti mambo ya moto, halmashauri wameupachika mkono wa chuma juu. Hakuna kitu kingine kizito nyumba hii. Randa ya mti mgumu, imekuwa nyeusi kwa jasho la mikono, chuma chake kimeliwa na kutu. Ubavuni imechongwa A na mwaka 1897. Nilikuja nayo sandukuni nimeifunga na kanga mbili. Yule wa eapoti akauliza ni silaha? Nikamwambia ni amana. Margaret akatafsiri kwamba ni kumbukumbu ya babu. Margaret anapenda kulainisha.

Mama Alkesh akasema kama ni amana mbona inapigwa mateke kila siku. Nikamwambia wewe kula dhokla yako.

Alhamisi, 25 Septemba

Kumbe mate yakishafika huko yanatafuta jamaa. Ameandika mwanamke anaitwa Armelle, mwalimu mstaafu, yuko kijijini alikotoka Bruda, upande wa Ufaransa. Dada yake Bruda alimzaa bibi yake mzaa bibi, au bibi yake — Marion mwenyewe alichanganyikiwa. Mwanamke ana heshima, lazima niseme. Ametuandikia "familia mpendwa" na hatujui.

Wanatengeneza kitabu cha ukoo. Majina mia tatu na kumi. Kinakwenda kupigwa chapa mwisho wa Novemba. Marion akanionyesha ukurasa wa Bruda. Kazaliwa. Kabatizwa. Kaapa. Kasafiri. Kakamatwa na Waingereza wakati wa vita. Karudi. Kafa. Hata homa zake zimo. Chini yake mstari mtupu.

Sasa kwa sababu ya mate yangu wanataka kwa wema wao kuongeza sentensi. Marion akaisoma polepole: alilea msichana yatima wa Kiafrika, mama hajulikani.

Nilisimama. Marion akasema Bibi kaa. Sikukaa.

Yatima. Mama yake yule yatima ndiye aliyenipokea mimi mwaka wa hamsini. Alinikata kitovu kwa mikono yake. Nimekua naye mkeka mmoja, nilikuwa nampondea karanga kwa sababu meno yameisha, na nilikuwa na miaka tisa alipokufa. Hajulikani na nani?

Nikamwambia Marion: anaitwa Kidawa. Kidawa akamzaa bibi yangu Odilia. Odilia akamzaa mama yangu Veronika. Veronika akanizaa mimi, nikapewa jina la bibi. Mimi nikamzaa mama yako. Basi.

Akauliza kwa nini Bruda hakumchukua mtoto. Swali zuri. Kalichelewesha miaka ishirini na mitano lakini zuri.

Nikamweleza. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, anapewa kiti, anapewa kuku, lakini mwenye neno ni mjomba. Bruda alitaka kumpeleka mtoto Ulaya kwa dada yake. Mtoto ana miaka sita. Akaenda kwa kaka yake Kidawa. Mjomba hakumfukuza. Alimwambia jambo la mtoto hatuzungumzi na wewe, wewe ni baba tu. Mlete mjomba wako tukae naye. Bruda akasema mjomba wake yuko ng'ambo. Akaambiwa, tutamngoja. Akaacha randa iwe kishika, kwamba atarudi na mtu wake. Bibi Odilia alisikia yote, amejificha nyuma ya mtungi. Vita ikaja.

Marion akauliza: na mpaka leo? Nikamwonyesha mlango wa jikoni.

Nimemwambia awaandikie. Wakitaka habari za Bruda, Kidawa anaingia kitabuni kwa jina lake. Na hilo neno yatima walifute.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo tumeonana kwa kompyuta. Nimevaa gauni la Pasaka. Mama Alkesh alikuja "kuchukua bakuli lake" akakaa kwenye kochi kwa saa mbili.

Vidirisha viwili. Armelle nywele nyeupe fupi, miwani ya kamba. Dirisha la pili mwanaume, Ulrich, binamu yao wa ng'ambo ya mto, upande wa Ujerumani. Yeye ametoka kwa kaka yake Bruda, ana jina lao la ukoo, na ndiye mwenye kitabu. Shati limepigwa pasi mpaka kola inaweza kukata mkate.

Salamu zikaisha, wakaanza kugombana. Armelle anasema Bruda alikuwa Mfaransa. Ulrich anasema alizaliwa Mjerumani, karatasi anazo. Marion ananinong'oneza sikioni. Kumbe ile nchi yao imehamishwa huku na huku kama kitanda cha mgonjwa. Baba yake Bruda kazaliwa Mfaransa, Bruda kazaliwa Mjerumani, nyumba ile ile, godoro lile lile, karudi kafa Mfaransa humo humo. Dakika kumi hizo. Mama Alkesh anauliza kwa sauti kama wanagombea urithi.

Marion akaniomba niseme kitu. Nikasema misheni walimwita Mfaransa, bomani walimwita Mjerumani, kwa mjomba aliitwa mtu asiye na watu. Marion hakutafsiri. Nilimwona.

Ulrich akatoa barua. Bruda alimwandikia dada yake. Akasoma kipande: wenyeji wamebaki na randa yangu nzuri. Akainua macho akanitazama. Mimi. Kama nilitoroka nayo jana.

Nikaenda jikoni. Mlango ukajifunga nyuma yangu kwa kishindo, wakadhani nimekasirika. Nikarudi nayo nikaiinua mbele ya kompyuta, upande wa A na mwaka.

Armelle akaweka mkono mdomoni. Ulrich akavua miwani. Pale kijijini kuna chumba wametundika vifaa vya Bruda, patasi, msumeno, nyundo, na ukutani kuna nafasi moja wazi, wameichora kwa penseli umbo la randa. Aliyechora ni baba yake Ulrich. Huyo mzee alikufa anaingoja. Hapo nilimwonea huruma kidogo. Kidogo.

Armelle akataka kutuchangamsha. Akasema kwao kuna utani wa nyumbani. Mtu akitaka jambo lisilowezekana anaambiwa "muite mjomba aende Afrika". Paa linavuja, fundi hapatikani: muite mjomba aende Afrika. Kisa chake, Bruda aliwahi kuandika nyumbani kumwomba mjomba wake, mwoka mikate, mtu mnene, hajawahi hata kuvuka mto, eti apande meli aje azungumze na watu wa milimani. Kwao wakajua ni homa imepanda kichwani. Kijiji kizima kikacheka. Yule mjomba mpaka anazikwa anaitwa Mwafrika.

Wakacheka wote wawili. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana siku nzima.

Mimi sikucheka. Mama Alkesh akaacha kutafuna. Marion akageuka akanitazama, na sijui lini mara ya mwisho alinisemesha Kiswahili bila kuombwa. Akasema, "Bibi, ni ile."

Nikamwambia watafsirie. Mwambie haikuwa homa. Aliambiwa vizuri amlete mjomba, akaandika vizuri kumwita mjomba, na nyie mkacheka. Sisi tumekaa na kishika miaka mia na kumi na moja tunamngoja mwoka mikate.

Kicheko kilizimika dirisha moja, halafu la pili.

Ulrich ndiye aliyezinduka kwanza. Akasema atakuja mwenyewe kuichukua. Yeye ndiye mwenye jina, vizazi saba anavitaja bila kusoma, baba kwa baba. Akavitaja kweli. Nikamsikiliza mpaka mwisho, ni adabu. Nikamwambia mwanangu, wewe mtu mzuri, lakini umetoka kwa kaka yake. Kwetu wewe ni mtoto wa watu wengine. Huna neno hapa.

Hiyo Marion aliitafsiri yote. Kwa furaha.

Nikamuuliza Armelle: mama yako nani? Solange. Mama wa Solange? Jeanne. Mama wa Jeanne? Ndiye dada yake Bruda, au mama mkwe, hana hakika. Jina? Akafungua kitabu. Akapekua. Mia tatu na kumi na hakumpata, wameandika "mke wa" fulani. Mwalimu mzima, uso umemwiva.

Nikamwambia katafute mama zako, mmoja mmoja, ufike mpaka kwa mama yake Bruda. Ukifika wewe ndiye mtu wake. Uje tuzungumze. Randa utaondoka nayo siku Kidawa akiingia kitabuni.

Jumapili, 5 Oktoba

Margaret amenuna. Mama umewaaibisha wageni. Nikamwambia hawakuwa wageni, walikuwa kwenye kompyuta.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ulrich ameandika. Si mbaya, barua ina salamu mbili. Lakini kitabu kina sheria: haingii mtu bila hati. Utani si hati. Mate yanaonyesha kwamba kulikuwa na mama, hayasemi aliitwa nani. Je, kuna cheti cha ubatizo? Kodi ya kichwa? Kitabu cha misheni?

Misheni waliandika waliobatizwa. Kidawa alikataa. Alisema maji ya kijito yanamtosha. Basi kwa karatasi za Ulrich mwanamke huyu hakuwahi kupumua.

Kabakiza mlango mmoja. Atapokea ushahidi wa mtu aliyemwona kwa macho. Uandikwe kwa mkono wa shahidi mwenyewe, usichapwe, usiandikwe na mtu mwingine, na uwekwe saini. Ulrich ataweka picha ya karatasi hiyo hiyo kitabuni.

Margaret akafurahi. Si wewe huyo mama, ulimwona. Akanisogezea kalamu hapo hapo mezani.

Nikasema macho yananiuma.

Hapa naandika ukweli. Sijaona mlango wa shule. Niliingia kisomo cha watu wazima mwaka wa sabini na tano, Margaret yuko mgongoni ana meno mawili. Kitabu chetu kilikuwa cha kilimo cha mahindi. Mpaka leo neno linalonitoka zuri kuliko yote ni mbolea. Ninayoandika humu hakuna anayeyaona. Benki, hospitali, ubalozini, Margaret anajaza, mimi natia saini yangu ile ile, mlima na mkia. Sasa maandishi yangu yapigwe picha, yaende Ulaya, mbele ya watu mia tatu na kumi walioenda shule.

Na jina lake sijawahi kuliandika nje ya daftari hili. Marion aliligonga kwenye simu tu. Kwa mkono, mbele ya watu, hakuna mtu duniani aliyewahi kuliandika.

Jumatano, 22 Oktoba

Armelle ameenda makaburini na brashi ya viatu. Amekwangua kuvu kwenye mawe mawili. Ulrich analalamika kwamba hawa akina mama wapya wanavuruga kurasa. Armelle amempelekea picha ya brashi.

Anakuja tarehe nane Novemba. Peke yake, kwa treni.

Marion kaja jikoni kunisaidia kuchambua maharage. Hakuombwa. Akaanza: mimi Marion wa Margaret, Margaret wa Odilia, Odilia wa Veronika, Veronika wa Odilia, Odilia wa Kidawa. Kiswahili chake kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Lakini alifika. Nikamwambia maharage mabovu unayarudisha kwenye mazuri, angalia. Niliogopa ataniona uso.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimejaribu kwenye bahasha ya bili ya gesi. K imekuwa kama kiti kilichovunjika. Nimeitupa kwenye pipa, nikaitoa, nikaichana, nikaitupa tena.

Mama Alkesh akasema weka dole gumba. Nikamwambia dole gumba waliweka wale waliouzwa. Tukanuniana mpaka saa kumi. Saa kumi akaniletea chai.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika chumbani kwangu, mlango nimeufunga, wao wako sebuleni. Nimewaambia nakuja sasa hivi.

Armelle kafika saa tano. Marion alikwenda kumpokea St Pancras, wakaja na ile treni ya zambarau. Mfupi kuliko kwenye kompyuta. Kaleta keki imetobolewa katikati, sura ya kata ya kichwani kabisa, ukiiweka unabebea ndoo. Nikamwambia Marion amwambie hivyo. Akacheka, akaiweka keki kichwani mwake sekunde moja, sukari ikammwagikia miwani. Basi nikampenda. Sikutaka.

Nilimpa kiti cha mgongo mrefu. Kuku, ugali, mboga za maboga. Mama Alkesh kaleta achari na akakaa. Ulrich yuko kwenye simu ya Marion, wameiegemeza kwenye kopo la biskuti, kavaa tai. Kaka zangu wote wametangulia, neno la ukoo limebaki kwangu. Nikasafisha koo. Nikasema sisi tulimngoja mjomba. Ametuma mwanamke. Miaka mia na kumi na moja, hatutachagua.

Nikamwambia Armelle ataje mama zake.

Akasimama. Hatukumwambia asimame. Hakushika karatasi. Mimi Armelle wa Solange. Solange wa Jeanne. Jeanne wa Joséphine, dada yake Bruda. Kwenye kile kitabu alikuwa "mke wa". Jiwe lake ndilo lililokuwa na kuvu zaidi. Halafu akamtazama Marion, akanitazama mimi.

Joséphine wa Odile. Mama yake Bruda aliitwa Odile.

Margaret alikuwa ameshika jagi la maji. Akaliweka chini.

Armelle akasema kule ni jina la mtakatifu wa kwao, kila nyumba ina Odile wake, ndiyo sababu hakuna aliyelijali. Mimi nimelijali. Miaka sabini na tano wananiita Odilia, na mimi namsema yule mtu kila siku, mtu asiye na watu, Mzungu wa ubao, napiga teke randa yake nikiwa na sufuria mikono miwili. Kumbe alimpa mtoto jina la mama yake. Kwetu ungefanya hivyo hivyo ukiwa na adabu.

Mama Alkesh ndiye aliyesema. Akasema kwa Kiswahili cha Kilosa neno moja ambalo siliandiki.

Halafu barua. Armelle kaleta yote, si kipande. Marion akasoma. "Hapa hawazungumzi na mwanaume asiye na mjomba. Mwulize mjomba kama atakuja. Najua atacheka." Chini yake mistari miwili ambayo Ulrich hakutusomea siku ile. Alidhani haina maana, amesema mwenyewe, na amesema samahani, tai na yote. "Mtoto hajambo, anajua kuhesabu mpaka kumi. Mama yake ameacha kunitazama."

Mama yake. Kamtaja. Jina hakutaja, lakini hapo yupo, kaandikwa, hataki kumtazama mtu. Ulrich akasema sawa. Hiyo ni hati. Barua pamoja na ushahidi wangu, Kidawa anaingia. Nafasi ameshaitenga, ukurasa wa mia na nne. Nikimaliza leo Marion apige picha, aitume leo.

Randa nilishaitoa mlangoni asubuhi. Nimeiosha kwa maji ya moto, nimeipaka mafuta ya nazi. Mlango wa jikoni unajifunga kila mtu akipita, puu, puu. Ninayo hapa mapajani, ndiyo naandikia juu yake. Ukiipata vizuri inakaa mkononi kweli, sijui kwa nini sikuwahi kuishika hivi.

Karatasi ya Ulrich ina mistari mitatu. Jina la mama wa mtoto. Alikuwa nani kwa Bruda. Saini ya shahidi. Nilimwambia Margaret naomba dakika tano, nikaandike peke yangu. Hakuuliza kwa nini. Alinipa kalamu yake ya kazini, ile nzuri.

Najaribu hapa kwanza.

Kidawa

K imeinama.

Kidawa

d imelala usingizi.

Kidawa

Hii. Hii hata mwalimu wa mahindi angeipitisha.

Nimeihamishia kwenye karatasi yao. Imekaa. Imepanda kidogo kulia lakini imekaa, inasomeka. Marion akiisoma ataitamka vizuri, nimemfundisha.

Mstari wa pili. Ulrich kaweka maneno ya kuchagua, kwa Kiingereza, Marion kayaandika Kiswahili kwa penseli pembeni. Mke. Mchumba. Mtumishi. Mengineyo.

Margaret kagonga. Mama, upo? Nipo. Mama wanauliza kama unahitaji msaada na ule wa pili. Armelle anasema mke ni neno zuri, yeye angependa mke. Nimemwambia asubiri.

Mke. Mke hakulipiwa mahari, hakuna mjomba aliyekaa na mjomba. Mtumishi — misheni alikuwa anapika, hilo kweli. Na mtumishi akizaa na bwana mkubwa ni kitu gani hicho? Alikuwa na miaka mingapi? Ishirini? Alipenda? Alicheka naye? Aliitwa usiku mmoja akaogopa kukataa? Nilikuwa nampondea karanga kila siku. Alikuwa anasema mengi, alikuwa anasimulia mpaka majina ya kuku wake waliokufa. Ile randa ilikuwa juu ya dari, akiitaka ishushwe anasema "kile cha yule". Yule. Basi. Na mimi mtoto wa miaka tisa mwenye mdomo mrefu, niliyeuliza kila kitu, hilo sikumuuliza. Hata mama sikumuuliza. Nimewacheka Marion na Margaret wiki nane kwamba hawaulizi.

Margaret tena. Mama, treni ya mgeni ni saa kumi na mbili. Ulrich bado yuko kwenye simu.

Jina limekauka. Saini nimeweka, mlima na mkia. Mstari wa kati mweupe. Nasikia mlango wa jikoni, puu, na Armelle anauliza kitu, na Mama Alkesh anamjibu kwa Kiswahili kana kwamba ataelewa: mwache, huyo anaongea na mtu wake.

Kalamu iko kwenye Mengineyo. Sijaandika. Mengineyo yapi, Kidawa?